Barabara mbovu ndiyo iliyonilisha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba barabara ya pwani ikishawekwa lami yote, biashara ya mkoa wetu wa Tanga itajiendesha yenyewe. Siku ile barua yake ilipotoka nilikuwa Mwera napakia, gazeti nikalisoma nimekaa juu ya makumbi, nikacheka peke yangu. Sikumcheka yeye. Nilijicheka mimi.

Nafanya biashara ya nazi na madafu. Naishi Ngamiani hapa Tanga mjini, lakini kitovu changu kimezikwa Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani. Kazi hii nina miaka 23 nayo. Nilianza na baiskeli ya kukodi, nazi 60 kwa safari, na leo nina Canter moja ambayo imenizeesha kuliko watoto wangu wanne. Ninalotaka kusema sijawahi kulisema mbele za watu: barabara mbovu ndiyo iliyonilisha. Imenijengea nyumba ya vyumba vitatu, imesomesha.

Kwa miaka mingi mkulima wa Mwera alikuwa na mawili: amngoje mtu kama mimi, au aziache nazi zianguke zichipue. Ukitoka kwake kuelekea kusini, njia ya Kipumbwi, Mkwaja na Saadani hadi Bagamoyo, kiangazi ni mchanga na masika ni tope. Kaskazini kuna mto. Kwa hiyo mzigo wangu wa Dar es Salaam, mji ulio kusini yetu, ulianza safari kwa kwenda kaskazini: Mwera hadi Bweni, foleni ya kivuko, Pangani, Muheza, Segera, Wami, Msata, ndipo unapoanza kuinusa Dar. Nilikuwa na dereva mmoja wa Kidigo, mtu wa maneno, akisema sisi tunakwenda Dar kwa kuipa mgongo.

Njia kama hiyo haiendeki na kila mtu. Lazima ujue kijito kipi kimejaa na kipi kinakudanganya. Ujue mzee gani ana trekta la kukunasua usiku na anataka shilingi ngapi. Ujue kivuko kinavusha saa ngapi na nani anafuatia kwenye foleni. Maarifa hayo ndiyo yaliyokuwa duka langu. Watu wa Dar hawakuwa nayo, kwa hiyo hawakuja, na mimi nikawa mnunuzi peke yangu, au tuseme sisi watatu tuliokuwa tunajuana na kupigiana simu kabla ya kutaja bei. Nazi ya 300 Mwera nikaiuza 800 sokoni Mgandini, hapa Tanga mjini. Mkulima akiuliza, nilimwambia tofauti imeliwa na mafuta na springi za gari. Sehemu yake ilikuwa springi kweli. Sehemu nyingine ilikuwa mimi.

Sasa greda zimepita. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50, na aliyezipita zamani kwa basi, kichwa kikigonga dari kuanzia Tongoni hadi Kigombe, anajua nasema nini nikisema leo mtu anasinzia humo garini. Pale mtoni zimesimama nguzo za daraja la mita 525 la kuunganisha Pangani na Bweni. Upande wa kusini barabara inatafuta Mkange kwa njia ya Saadani. Yote hiyo ni kipande cha barabara ndefu ya Bagamoyo hadi Malindi kule Kenya, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2019.

Basi siku moja simu yangu ikalia, mkwezi wangu wa siku zote, yule anayeniangulia nazi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba, vipi, nazi wamezifua makumbi?"

"Wamefua. Lakini Mama, kuna Fuso hapa."

"Fuso la nani?"

"La Dar. Wanatoa mia saba, hapa hapa shambani, na wanalipa kwa simu. Wewe unasemaje?"

Mhariri, mimi siku hiyo nilikuwa nimepanga 450. Nikamwambia awape. Nilikasirika siku mbili, hata wali sikuuonea ladha. Siku ya tatu nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa.

Tazama vitu ambavyo Pangani inajulikana navyo: mkonge, nazi, mbata yaani nazi iliyokaushwa, korosho, dagaa wakavu, na ng'onda, samaki wa kuanikwa. Vina tabia moja vyote. Vinasubiri. Nazi iliyokomaa ukiiweka kivulini itakungoja hata miezi miwili, mkonge ukishakaushwa unaweza kuungoja uzee. Wakati huohuo embe dodo za Mwera zilikuwa zinaoza chini ya miti hadi nguruwe pori wakazikinai. Papai alilishwa mbuzi. Changu na kolekole wa Kipumbwi, samaki ambao mtu wa hoteli angewagombania, walipasuliwa wakatiwa chumvi wakaanikwa juani, kwa sababu jua lilikuwa karibu kuliko soko. Tumekuwa tukidhani sisi ni watu wa nazi na ng'onda kwa mapenzi yetu na kwa mila ya babu zetu. Kumbe barabara ndiyo iliyotuchagulia zao. Ilitwambia: limeni kisichooza.

Hili nililijua kwa kichapo. Miaka ile nilijaribu madafu. Hesabu ya dafu ni tamu. Dafu unaliangua likiwa na miezi saba hivi, nazi inataka mwaka mzima hadi ikomae, kwa hiyo mkulima anashika fedha mapema na mnazi unapumua mapema. Dar kila kona kuna kijana na panga lake na baiskeli yake anayauza. Nikapakia madafu 1,200, na makumbi yake, maana dafu halifuliwi kama nazi. Mvua ikanyesha usiku huo. Kabla ya kufika Bweni kuna bonde, sitalitaja kwa jina lake la kienyeji maana ni tusi, gari likazama hadi kwenye ekseli. Mzee wa trekta alikuwa amekwenda msibani. Tulikata matawi, tukatandika makumbi chini ya matairi, tukapakua madafu nusu tukayapanga kando ya njia kama vichwa vya watu, tukapakia tena. Siku mbili. Jua la mchana lilikuwa linayapiga, usiku ukungu. Tulipofika Dar siku ya tano mnunuzi alichukua moja, akalikata, akaonja, akatema pembeni ya kiatu changu. "Mama, hii siki." Nikayauza 150 moja, mengine nikamgawia mlinzi. Tangu hapo nikaapa, nazi kavu tu. Na wenzangu wote waliapa hivyohivyo kwa sababu zao hizohizo, kila mtu na bonde lake.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba lami itakuza biashara, nauliza biashara ipi. Ya nazi kavu haitakua sana. Itahama tu mikono, kutoka kwangu kwenda kwa mwenye Fuso, na mkulima atapata mia mbili mia tatu zaidi, halali yake kabisa, nilikuwa nimezikalia mimi. Biashara mpya ni ya vitu vyenye haraka: dafu, embe, papai, samaki mbichi, mboga. Hiyo hatujawahi kuifanya. Hatuna vyombo vyake wala hatuna mazoea yake.

Angalieni jirani zetu wa Muheza, ambao walitutangulia. Barabara ya Tanga hadi Horohoro, mpakani na Kenya, kilomita 65, iliwekwa lami kwa fedha za msaada wa Marekani, ule mkataba wa miaka mitano ulioisha 2013. Pale mpakani sasa kituo ni kimoja, nyaraka za nchi zote mbili unazimaliza chini ya paa moja. Matokeo yake kila msimu mnayaona wenyewe: malori yenye namba za Kenya yanaingia hadi Muheza ndani, machungwa yanamwagwa chini ya miti, yanahesabiwa, yanapakiwa, yanakwenda Kongowea Mombasa. Fedha inaingia, sikatai. Nina shemeji yangu kule amepaua nyumba kwa machungwa. Lakini shemeji huyohuyo huwa anauza shamba zima matunda yakiwa bado saizi ya ndimu, kwa sababu ada ya shule haingoji, na mnunuzi analijua hilo kuliko hata mke wake. Ukimuuliza chungwa lake linauzwa shilingi ngapi Mombasa hajui. Hajawahi kuuliza. Kuchambua makubwa na madogo, kuosha, kupanga kwenye maboksi, yote hayo yanafanyika lori likishaondoka. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Tuliutunga kwa ajili ya wageni. Naona malori yameuchukua.

Yule msomaji ataniambia nina wivu wa dalali. Ninao. Ila naomba anifuate kwenye hesabu ya bodaboda, maana hapa ndipo penye nyama.

Shamba ninalonunua sana liko kilomita saba ndani kutoka barabara kuu. Njia yake ni ya kijiji, ile aina ambayo siku hizi iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na si TANROADS, wakala wa barabara kuu. Gari halifiki, hata kiangazi, kwa sababu ya kijito kimoja chenye magogo mawili ya mnazi ndiyo daraja. Bodaboda anabeba nazi 100 kwenye viroba viwili, anachukua 5,000. Hiyo ni shilingi 50 kwa nazi moja. Canter yangu ikipakia nazi 4,000 kutoka barabarani Mwera hadi Mgandini, gharama zote, na kivuko humo, inanikalia kwenye 200,000. Nayo ni shilingi 50 kwa nazi. Yaani kilomita saba za njia ya kijiji zinakula sawasawa na safari yote iliyobaki, mto wa Pangani ndani yake. Daraja likifunguliwa na lami ikikamilika ile 50 ya pili itashuka, labda hadi 30. Ile ya kwanza haitashuka hata senti. Na dafu ni zito mara tatu ya nazi iliyofuliwa, bodaboda anabeba 30 akijitahidi, bei ileile. Hapo shilingi 50 imekuwa zaidi ya 160. Kwa dafu moja! Mwenye Fuso anaijua hesabu hiyo, ndiyo maana anasimama barabarani haendi ndani. Atanunua kwa mwenye shamba la kando ya lami. Wa ndani ataendelea kunisubiri mimi na springi zangu.

Kwa hiyo la kwanza tunalohitaji, hicho kijito kinataka kalavati mbili na kifusi. Sitaki kujifanya mhandisi, lakini nimeona kalavati zinavyolazwa kwenye barabara kubwa, na mbili tu za ukubwa ule zingetosha.

La pili ni barafu. Kipumbwi wavuvi wanarudi alfajiri. Samaki anayetua saa kumi na mbili asubuhi bila barafu, saa nne ni wa kukaanga, saa nane ni wa chumvi. Barafu tunayoiona ni ile inayotoka Tanga mjini ndani ya viroba, imefunikwa pumba za mbao, na ikifika Bweni nusu yake imekuwa maji kwenye sakafu ya gari. Mwenye barafu ndiye anayepanga bei ufukweni. Nimemwona mama mmoja, hana boti wala nyavu, ana majokofu matatu mabovu aliyoyageuza masanduku, na wavuvi wanaume wazima wanamwita Bosi. Barabara ikifupika, mtu wa Dar atakuja na lori lake lenye ubaridi, na Bosi wetu atafuata njia yangu mimi. Mtambo mdogo wa barafu upande huu wa mto ungebadilisha nani anamngoja nani. Umeme upo.

Na mahali pa kusimama. Hili naliona dogo lakini linaniuma kuliko yote. Nakumbuka barabara ya Bagamoyo hadi Msata ilipokamilika, kilomita 64, magari ya Tanga yakaanza kukata pale Msata badala ya kwenda kuzunguka Chalinze. Ndani ya muda mfupi nilikuwa na wateja wangu wa nazi Chalinze, mama ntilie watatu, wananipigia simu kuuliza mbona sipiti. Sikuwa na jibu la kuwapa, njia yangu ilikuwa imehama. Barabara ya pwani ikiunganishwa, gari linalotoka Horohoro kwenda Dar halitakuwa na haja ya kuiona Segera. Vijana wa Segera wanaokimbilia madirisha ya mabasi na korosho na machungwa, nani amewaambia? Na sisi wa Mwera, ambao gari hilo litatupita, litasimama wapi? Hakuna banda, hakuna choo, hakuna sakafu ya kumwagia mzigo ukauhesabu bila mchanga. Viwanja vya kando ya barabara vimeshaanza kuuzwa, vingine na watoto wa wazee ambao bado wapo hai. Eneo la wazi la kupakilia likingoja lami ikauke, litakuwa limeota nyumba ya ghorofa ya mtu ambaye hatumjui.

Mkinambia naona mbali mno, marehemu babu yangu alikuwa akinionyesha majumba ya Pangani mjini, yale ya milango ya nakshi yanayobomoka, akisema hawa walikuwa matajiri wa njia. Misafara ya bara, ya upande wa Kilimanjaro, ilikuwa ikishukia Pangani na pembe zake. Kisha Wajerumani mwaka 1893 wakaanza kujenga reli, wakaianzia Tanga, na ilipofika Moshi karibu miaka 20 baadaye, msafara gani tena ungetembea kwa miguu hadi Pangani? Mji haukupigwa na ugonjwa wala njaa, njia tu ndiyo iliyohama. Bagamoyo nao wana hadithi yao kama hiyo, watawaeleza wenyewe.

Sijaandika habari ya bandari ya Tanga iliyochimbwa hadi mita 13 na gati lake jipya la mita 450, wala bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga. Hayo waandike wenye meli. Mimi mzigo wangu mkubwa kabisa unaingia kwenye kiroba.

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikayasema haya, pamoja na lile la bei yangu ya 300. Kulikuwa kimya, kisha bibi mmoja, mteja wangu wa tangu enzi za baiskeli, akasema, "Tulijua, mwanangu. Tulikuwa tunangoja useme." Watu wakacheka sana. Baadaye tukakubaliana watu 14, wenye minazi na wavuvi, kutenga kipande cha shamba la familia moja karibu na njia panda, wametukodishia miaka mitano, tumeshamwaga zege la banda. Bati bado. Kalavati na barafu viko juu ya uwezo wetu, na ndiyo sababu ya barua hii kuja kwako na si kubaki kijijini, kwa kuwa halmashauri zinapanga bajeti zao na wakubwa wanasoma gazeti.

Mwandishi wako akitaka kuja kuona, asije mchana na gari la kiyoyozi. Aje alfajiri, asimame Bweni kabla ya kivuko cha kwanza, ahesabu bodaboda zenye viroba na ahesabu Fuso zinazozingoja. Halafu apande bodaboda mmoja aende naye zile kilomita saba. Asivae viatu vyeupe. Kule mwisho kuna mkwezi wangu, atamwangulia dafu, na bei atamtajia yeye, mimi sitaingilia.

Wako,
Mama Nazi,
Ngamiani, Tanga.